JAMES CHUMA, MKUU WA MSAFARA

Katika mdahalo wetu wa muhula huu palizuka ubishi mkubwa. Upande mmoja ulisema kwamba kazi yoyote kubwa, iwe ni kujenga bweni, kulima shamba la mpunga au kuandaa sikukuu ya wazazi, hufanikiwa kwa utaratibu: orodha, hesabu, zamu na saa. Upande wa pili ulijibu kwamba utaratibu ni mifupa mitupu, na kwamba kinachomaliza kazi ni akili ya mtu pale anapokwama, yaani kubuni njia ambayo haikuandikwa popote. Kengele ya chakula ililia kabla shauri halijakatwa, na kila upande ukaondoka ukijiona umeshinda.

Basi nimeona vema kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu maisha ya mtu mmoja ambaye, kwa maoni yangu, angalikata shauri lile kwa urahisi. Jina lake ni James Chuma. Alizaliwa kusini mwa ziwa letu hili, akafika huku kwetu kaskazini ya ziwa mwaka 1879 akiwa mkuu wa msafara wa watu wapatao 150, akafa Unguja mwaka 1882 hali bado ni kijana. Vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja tu, pamoja na mwenzake Susi, kuwa ni watumishi waaminifu waliobeba maiti ya Daktari Livingstone mpaka pwani. Uaminifu alikuwa nao. Lakini uaminifu peke yake hauvushi mzigo mtoni, wala haulishi watu 60 kwa miezi tisa. Chuma alijua kuipanga kazi, na alijua la kufanya mpango unapovunjika. Watu wa namna hiyo ni wachache.

Chuma alikuwa Myao, naye alizaliwa yapata mwaka 1850. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa imeenea katika nchi zote za kandokando ya Ziwa Nyasa, na misafara ya mateka ilikuwa ikishuka kwenda Kilwa na bandari nyingine za pwani. Chuma naye alitekwa angali mtoto. Mwaka 1861, katika nyanda za juu za mto Shire, aliokolewa na kundi la Daktari Livingstone na Askofu Mackenzie wa misheni ya Vyuo Vikuu, akalelewa na wamisheni hao pale Magomero. Miezi michache baadaye askofu alikufa kwa homa, na misheni ile haikudumu.

Wakati huo huo mtoto huyu alipata kuona kazi kubwa ikishindikana. Livingstone alikuwa ameagiza kutoka Uingereza meli ya moshi, Lady Nyassa, iliyoletwa vipande vipande ili ichukuliwe kwa miguu kupita maporomoko ya mto Shire, iungwe tena, ielee katika Ziwa Nyasa. Mpango ulikuwa mzuri katika karatasi. Lakini barabara ya kuyazunguka maporomoko ilikuwa ndefu, nchi ilikuwa imeharibiwa na vita na njaa, watu waliugua, na mwaka 1863 Serikali ya Uingereza iliamuru safari nzima irudi. Meli iliyopewa jina la ziwa haikuliona ziwa. Livingstone aliipeleka Unguja, na kutoka huko, mwezi wa Aprili 1864, akaiendesha mwenyewe kuvuka bahari mpaka Bombay, safari ya siku 45, ili akaiuze. Miongoni mwa mabaharia wake walikuwamo wavulana wawili, Chuma na mwenzake Wikatani, na pia kijana wa Shupanga katika mto Zambezi aliyeitwa Abdullah Susi.

Huko Bombay Chuma na Wikatani waliwekwa katika shule ya misheni ya Waskoti. Chuma alijifunza kusoma na kuandika, akazidi kukijua Kiingereza, na mwaka 1865 akabatizwa akaitwa James. Mwezi wa Januari 1866 alirudi Unguja pamoja na Livingstone, na miezi miwili baadaye walishuka Mikindani kuanza safari ya bara iliyodumu miaka saba.

Safari ile ndiyo iliyokuwa chuo chake hasa. Walipofika karibu na ziwa, Wikatani alikutana na ndugu zake akabaki nao. Watu wa visiwa vya Komoro waliokuwa katika msafara walikimbia, wakaenda kutangaza pwani kwamba Livingstone ameuawa. Chuma alibaki. Hata hivyo tusimfanye malaika. Mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda kulitazama Ziwa Bangweulu, wengi wa watu wake walichoka wakakataa kumfuata, na Chuma alikuwa mmoja wao. Baadaye alirudi kazini na akapokewa. Nimelitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa mtu aliyewahi kukataa kazi hujua kinachowafanya wengine waikatae. Maarifa hayo yalimfaa sana alipokuwa mkuu mwenyewe.

Pengine baadhi ya wasomaji hawajui jinsi msafara wa zamani ulivyokuwa, nami nitaeleza kidogo. Msafara haukuwa kundi la watu wanaotembea tu. Ulikuwa na sheria zake. Mbele alikwenda kirongozi mwenye bendera, akifuatwa na wapagazi kwa mstari mmoja, kila mtu na mtumba wake. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani yapata kilo 32, na mpagazi alikuwa na haki ya kugombana akiongezewa. Kila kundi lilikuwa na mnyapara wake. Nyuma kabisa walikwenda watu madhubuti wa kuwaokota wagonjwa na kuzuia watoro. Fedha za sarafu hazikutumika bara, bali nguo, shanga na waya wa shaba. Nguo ilipimwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane, nayo ilitolewa kwa hesabu: kiasi hiki posho ya watu, kiasi hiki hongo ya mtemi, kiasi hiki akiba ya njiani. Mkuu asiyejua hesabu aliweza kujikuta katikati ya pori na watu wenye njaa na mitumba mitupu. Huo ndio utaratibu, nao uliundwa na watu wa Afrika Mashariki wenyewe, Wanyamwezi, Wayao na Waswahili, kabla ya Mzungu yeyote kupita njia zile.

Sasa tufike katika mwaka wa 1873. Alfajiri ya tarehe 1 Mei, katika kijiji cha mtemi Chitambo, nchi ya Ilala ambayo sasa imo Zambia, Livingstone alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Msafara ulikuwa na watu wapatao 60, wanaume, wanawake na watoto, akiwamo Ntaoeka, mke wa Chuma. Walikuwa mbali na pwani kwa zaidi ya maili 1,000. Mwenye safari amekufa, na hakuna aliyewaandikia la kufanya. Wangeweza kumzika, kugawana mali na kutawanyika, na nani angewauliza?

Kwanza kabisa waliita baraza. Watu wote walikusanyika, wakakubali kwamba Chuma na Susi, waliokaa na marehemu kuliko wengine, wawe wakuu, na kwamba amri zao zifuatwe. Kisha masanduku yalifunguliwa mbele ya macho ya wote, na Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Bara Hindi, aliandika orodha ya kila kitu kilichokuwamo. Daftari, dira na saa vyote viliwekwa katika maandishi, kusudi mtu asije akashtakiwa pwani kwa wizi. Ndipo waliposhauriana juu ya maiti, wakaamua kuichukua mpaka pwani.

Jambo hili lilikuwa halijapata kufanyika, na desturi ya msafara haikuwa na kifungu chake. Katika nchi nyingi maiti ya mgeni iliogopwa, na kupita nayo kijijini kulikuwa kuleta balaa na kudaiwa faini kubwa. Basi hapo walihitaji kubuni. Walijenga kibanda nje ya kijiji, kisicho na paa, kilichozungukwa na boma imara. Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa daktari huko Unguja, Farjallah, aliutoa moyo na matumbo, navyo vikazikwa ndani ya kopo chini ya mti mkubwa, na Jacob akasoma sala za maziko. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani muda wa siku 14, kila siku ukigeuzwa. Kisha waliuzungushia nguo, wakaambua gome la mti likatoka zima kama mwanzi mnene, wakauingiza humo, wakashona turubai juu yake, wakaipaka lami, wakaufunga katika mti wa kuchukuliwa na watu wawili. Mtemi Chitambo, ambaye kwanza alifichwa habari, alipojua ukweli hakukasirika, bali aliwaruhusu na akaomboleza pamoja nao.

Wasomaji watazame jinsi mambo mawili yalivyokwenda pamoja. Wazo la kukausha mwili na kuufunga katika gome lilikuwa jipya. Lakini lilitekelezwa kwa zamu, kwa ulinzi wa usiku na mchana, na kwa siku zilizohesabiwa. Wazo lile lingekosa zamu, fisi wangalilimaliza katika usiku mmoja.

Safari haikuwa nyepesi. Siku chache tu baada ya kuanza, nusu ya watu waliugua, na msafara ulilala mahali pamoja karibu mwezi mzima. Susi mwenyewe alishindwa kusimama, na wanawake wawili walikufa. Walipopona walivuka mto Luapula, ambao ni mpana sana, wakageukia mashariki na kaskazini.

Kisha walipatwa na jambo ambalo si la kujivunia. Walipofika katika kijiji cha Chawende waliomba mahali pa kulala wakakataliwa, lakini waliingia. Wenyeji walikuwa wamekunywa pombe, maneno yakazidi, pinde zikavutwa na bunduki zikalia. Damu ilimwagika, na wasafiri wakakitwaa kijiji wakakaa humo kama chao. Siku ile hapakuwa na utaratibu wala akili, hasira ndiyo iliyotawala. Watu wale wale waliokuwa hodari mbele ya maiti walishindwa mbele ya tusi la mlevi. Mwandishi wa maisha ya mtu hana ruhusa ya kuruka ukurasa kama huu.

Mwezi wa Oktoba walisikia kwamba kuna Wazungu Unyanyembe, karibu na Tabora. Chuma hakuusogeza msafara wote kwa uvumi. Alitangulia yeye na wachache, na barua iliyoandikwa na Jacob, akamkuta Luteni Cameron aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike pale pale, kwa sababu njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Alikuwa ofisa wa Serikali, nao hawakuwa na cheo chochote. Hata hivyo walikataa kwa adabu. Shauri lilikwisha kukatwa na baraza zima kule Chitambo, na Chuma hakuwa mtu wa kulibadili shauri la watu 60 kwa neno la mtu mmoja aliyekutana naye njiani.

Lakini Cameron hakukosea juu ya hatari. Walipofika Kasekera, watu wa nchi ile walipata habari za mzigo, wakaapa kwamba maiti haitapita. Hapo hapakuwa na nguvu ya kuwashinda, wala mali ya kutosha kuwahonga. Sasa sikilizeni walivyofanya.

Chuma na Susi walitangaza kwamba wameshindwa, na kwamba maiti itarudishwa Unyanyembe ikazikwe huko. Usiku, kwa siri, waliutoa mwili katika gome, wakaufunga upya ukawa mfupi na mnene, sawasawa na mtumba wa nguo kama mitumba mingine. Kisha walikata mabua ya mtama yenye urefu wa mtu, wakayafunga pamoja na kuyazungushia nguo, ikawa kama maiti hasa. Walikunja karatasi wakaichomeka katika kijiti kilichopasuliwa, jinsi barua zilivyokuwa zikichukuliwa siku zile. Watu sita waliochaguliwa kwa kuwa ni wasiri waliinua mabua yale kwa heshima zote za msiba, wakashika njia ya kurudi. Wenyeji waliwatazama wakaridhika. Jua lilipokuchwa na kijiji kikawa mbali, wale sita waliyafungua mabua, wakayatupa moja moja huku na huku, kisha wakaruka kutoka njiani mmoja mmoja na kuingia majanini ili nyayo zisionekane, wakarudi usiku kwa wenzao. Asubuhi msafara uliendelea na safari yake, na maiti ya Livingstone ikapita mbele ya watu waliokuwa wameikataza, ikiwa mtumba kati ya mitumba.

Katika maisha yote ya Chuma, mimi hupenda kukaa hapa kwa muda mrefu. Hila ile ilifaulu kwa nini? Ilifaulu kwa sababu ilifuata desturi katika kila jambo dogo. Mtumba ulikuwa na umbo la mtumba, barua ilikuwa katika kijiti chake, na msiba ulichukuliwa jinsi misiba ichukuliwavyo. Mtu asiyeijua desturi ya msafara asingaliweza kuiigiza. Tena hila yenyewe ilikuwa na orodha na zamu zake: nani abebe, nani anyamaze, lini mabua yatupwe, na kwa njia gani wale sita warudi. Mtu mmoja angalicheka kabla ya wakati wake, kazi yote ingaliharibika. Na ilipokwisha, hawakuendelea kujisifia ujanja. Walirudi katika mstari, kirongozi mbele na walinzi nyuma, mpaka Bagamoyo, ambako walifika mwezi wa Februari 1874.

Malipo yao yalikuwa madogo. Walilipwa mshahara wakaachwa, na manowari ya Kiingereza ikauchukua mwili kwenda Unguja. Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster mjini London tarehe 18 Aprili 1874, na katika wote waliombeba, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyekuwapo. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya maziko, kwa nauli iliyotolewa na rafiki wa marehemu, Bwana James Young. Walikaa kwa Padre Horace Waller, aliyekuwa akizitengeneza daftari za mwisho za Livingstone ziwe kitabu. Hapo ilionekana tena kwamba hawakuwa wapagazi tu. Waliyaeleza mambo ya miezi ile tisa kwa taratibu, siku kwa siku na mto kwa mto, na hata mfano wa kile kibanda cha Ilala walitengeneza kwa mikono yao. Sehemu ya mwisho ya kitabu kile, kilichotoka mwaka 1874, imejengwa juu ya kumbukumbu zao. Hivyo kazi waliyoianza kwa orodha waliimaliza kwa taarifa.

Aliporudi Unguja, Chuma alitakiwa na kila aliyetaka kwenda bara. Mwaka 1875 alikwenda na Askofu Edward Steere, yule bingwa wa Kiswahili, mpaka nchi ya Wayao kwa Mataka. Mwaka uliofuata aliongoza msafara wa watumwa waliokombolewa, waliokuwa wakirudishwa upande wa kwao karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona nchi ni nzuri, yenye maji na udongo wa kulimika, na watu wakapenda kukaa. Steere hakung'ang'ania mpango wake wa kwanza. Kijiji kilijengwa pale pale, na Masasi ya leo ina asili yake humo. Msomaji mwerevu ataona tofauti: Unyanyembe shauri halikubadilika, Masasi lilibadilika. Kule, kubadili kungalikuwa kuliacha kusudi la kazi. Hapa kusudi lilikuwa watu hao wapate makao, nayo makao yalikuwa yamepatikana mapema kuliko ilivyotazamiwa.

Sasa tufike huku kwetu. Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtuma Bwana Keith Johnston atafute njia kutoka Dar es Salaam mpaka Ziwa Nyasa na kutoka hapo mpaka Ziwa Tanganyika. Chuma aliwekwa kuwa mkuu wa msafara. Ndiye aliyewachagua watu Unguja, akiwajua nani mtoro, nani mgomvi na nani hodari wa kubeba. Waliondoka Dar es Salaam mwezi wa Mei, na tarehe 28 Juni Johnston alikufa kwa kuhara damu huko Behobeho, karibu na Rufiji. Aliyebaki ni msaidizi wake, Joseph Thomson, kijana wa miaka 21.

Chuma alikuwa ameshaiona hali kama hiyo miaka sita nyuma: mwenye safari amekufa na pwani iko nyuma. Kurudi kungalikuwa rahisi, wala asingalilaumiwa mtu. Lakini watu walijua zamu zao, mitumba ilijulikana hesabu yake, na wanyapara walimtii mkuu wao, kwa hiyo msafara uliendelea kutembea. Walipita Mahenge, Uhehe na Ubena, watu wa pwani wakitetemeka kwa baridi ya nyanda za juu, hata mwezi wa Septemba walipoteremka wakaliona ziwa. Thomson aliandika kwa furaha juu ya nchi ya babu zetu Wanyakyusa: migomba mingi, nyumba safi zilizojengwa kwa ustadi, ng'ombe walionona. Kwa Chuma lilikuwa jambo jingine. Maji aliyoyaona ni maji yale yale yanayopiga pwani ya nchi aliyotekwa akiwa mtoto. Aliyetolewa kandokando ya ziwa hili akiwa mateka alirudi akiwa na watu 150 wanaongoja neno lake.

Tarehe 3 Novemba walifika kusini ya Ziwa Tanganyika. Thomson alichukua watu wachache akaenda kuutazama mto Lukuga, na Chuma aliachiwa sehemu kubwa ya msafara karibu na ziwa. Kuongoza watu wanaotembea ni kazi, lakini kuongoza watu waliokaa ni kazi zaidi, kwa kuwa asiye na mzigo hutafuta ugomvi. Muda wa miezi kadhaa, zaidi ya watu mia wenye bunduki walikaa katika nchi ya wenyewe wakingoja, nao walikula, wakapatana na wenyeji, na Thomson aliporudi aliwakuta salama. Pengine Chuma aliikumbuka siku ya Chawende. Mwezi wa Julai 1880 walikuwa pwani tena, na safari nzima ilikuwa imekwisha bila kupiga watu risasi. Thomson alisifiwa sana, naye hakuficha kwamba sehemu kubwa ya sifa zile ni ya Chuma, msemaji hodari wa lugha nyingi aliyeweza kumlainisha mtemi mkali kwa masimulizi marefu. Huyo huyo Thomson alisema pia kwamba Chuma alipenda makuu na mavazi ya fahari, na kwamba fedha hazikukaa mkononi mwake. Mtu aliyehesabu doti za msafara mzima hakuhesabu rupia zake mwenyewe!

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa mwaka 1881. Sultani Barghash wa Unguja alisikia kwamba kuna makaa ya mawe katika nchi ya Ruvuma, akamtuma Thomson, na Chuma akaenda naye. Walifika wakaona mawe meusi yasiyofaa kuwa makaa, wakarudi wakasema kweli, ingawa Sultani hakupendezwa. Mwaka uliofuata, 1882, Chuma aliugua kifua, akafa katika hospitali ya misheni Unguja. Umri wake ulikuwa yapata miaka 32.

Miaka michache baada ya kufa kwake, Waingereza na Wajerumani waligawana nchi alizozipita, na ramani walizozitumia zilikuwa zimechorwa kwa jasho la misafara kama ya kwake. Hilo si kosa lake, lakini ni vizuri tulijue. Tukisimama Matema leo tunaiona Milima ya Livingstone ikianguka mpaka majini. Mchukuliwa ana mlima. Wachukuzi wake hawakuachiwa hata kilima, basi na tuwaweke katika kurasa zetu.

Narudi kwenye mdahalo. Mimi nasema kwamba pande zote mbili zilikosa, kwa kuwa kila mmoja ulitaka kutembea kwa mguu mmoja. Chuma alianza na baraza, orodha na zamu, na utaratibu huo ulimpa watu wanaoaminiana. Kwa watu wa namna hiyo hila ya mabua iliwezekana. Kwa kundi la wababaishaji isingaliwezekana, maana wahenga walikwisha tuambia kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Lakini pale Kasekera, mtu wa orodha tupu angaliketi chini akalia, kwa sababu orodha haikusema lolote juu ya watu wanaokataa maiti.

Hata hapa petu tunaweza kuyaona hayo. Wamama wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao tunavinunua sokoni Matema, huchagua udongo, huukanda, hufinyanga, huanika na kuchoma kwa mpango usiorukwa hata hatua moja. Lakini mkono ukihisi udongo unalegea, mama haendi kuuliza. Hubadili kidole papo hapo, na chungu kinasimama.

Basi muhula ujao, tutakapogawiwa kazi za shamba na ujenzi, kwanza tuandike orodha, tena mbele ya macho ya wote, kama walivyofanya Ilala. Tupeane zamu na kuzishika. Kisha mvua ikija kabla ya siku yake, au mbegu zikichelewa, asitokee mtu wa kusema kwamba jambo hilo halimo katika mpango. Tuitane, tubuni, na tukishavuka turudi katika mstari.